Polisi wa Uingereza wana saa 24 tu, sisi "upelelezi bado haujakamilika". Wametuzidi nini?

#1 KijanaWaNzuguni

Wakuu habari za jioni, poleni na vumbi.

Kuna dokumentari ya Waingereza nimeimaliza juzi, 24 Hours in Police Custody. Ni polisi wenyewe, siyo waigizaji, wa Bedfordshire, ule upande wa mji wa Luton. Ilianza kurushwa 2014. Mtuhumiwa akishaingizwa kituoni saa zinaanza kuhesabiwa, na ndani ya saa 24 ama afunguliwe mashtaka ama aende kwake. Kunapokucha wapelelezi wameshajua nani, kwa nini, na kisu kimetupwa wapi.

Mimi ni shahidi kwenye kesi ya kuvunjwa duka la jirani, hapahapa Dodoma. Tukifika mahakamani mwendesha mashtaka anasimama: "Mheshimiwa, upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Mheshimiwa anaandika. Tunainama, tunatoka. Nauli yangu, kazi imelala, na chai ya kantini najilipia.

Nauliza kwa nia njema kabisa. Wenzetu wametuzidi nini? Vifaa, mafunzo, mishahara, sheria, au tatizo ni sisi raia?

#2 Karanga_Mbichi

Tuliokuja kusoma komenti tusogee, viti vya mbele vinaisha.

#3 JohoJeusi

Mleta mada, umeiangalia ukaielewa nusu. Hizo saa 24 siyo za kumaliza kesi, ni za kumshikilia mtu bila mashtaka. Ni sheria yao ya 1984. Kwa kosa zito ofisa wa cheo cha juu anaweza kuongeza mpaka saa 36, na hakimu akiridhika zinafika 96. Baada ya hapo ndipo kesi inaanza, na inaweza kula mwaka mzima au zaidi. Dokumentari inapita hapo mbio, inakuwekea maandishi mwishoni kwamba fulani kafungwa miaka kadhaa. Wewe umeona usiku mmoja tu.

Halafu saa hata sisi tunazo. Kwa makosa mengi, aliyekamatwa bila hati na hakupewa dhamana ya polisi anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mahojiano yamepewa saa nne tangu akamatwe, na zikiongezwa zinaongezwa kwa utaratibu, siyo kwa kujisikia. Maelezo ya onyo, yaani yale mshukiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa, yakiandikwa nje ya muda Mahakama ya Rufani imeshayatupa mara nyingi. Ingia TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria zetu, ujisomee, ni bure.

#4 KijanaWaNzuguni

Asante wakili. Sasa kama sheria ipo na saa zipo, mbona matokeo hayafanani? Hapo ndipo nilipokwama.

#5 ShemejiWaKondoa

Hayafanani kwa sababu kule mtuhumiwa wa mauaji anaulizwa atapenda sukari ngapi kwenye chai. Huku ukiona unaulizwa kitu kwa upole, tafuta ndugu haraka.

#6 FundiKamera

Jibu ni kamera, mengine mapambo. Angalieni tena hiyo dokumentari mhesabu ni mara ngapi kesi imegeuka kwa sababu ya kamera ya barabarani iliyosoma namba za gari, au kamera ya mlangoni kwa jirani, au simu iliyonaswa na mnara.

Mimi nafunga kamera hapa mjini, kuanzia Area D mpaka Kizota. Niwaambie ninachokikuta. Mwenye duka kafunga kamera nne, moja inatazama ukuta kwa sababu aliisogeza akipaka rangi. Saa ya mashine inasoma mwaka 2000 kwa kuwa umeme ulikatika na hakuna aliyeirekebisha. Neno la siri analo mtoto wa dada yake aliyeshahama. Akivunjiwa, polisi wanakuja wanaomba picha, naitwa mimi. Nikifika diski imeshajifuta, inarekodi juu ya zile za zamani. Na kuna mteja wangu mmoja wezi walibeba mpaka ile mashine ya kurekodia. Kamera zikabaki zinaning'inia tu pale.

#7 MtazamajiUDOM

Natofautiana na wote hapo juu. Jibu ni uhariri.

Hao watengenezaji wanarekodi kesi nyingi, wanachagua zenye kuvutia. Kesi iliyokwama haina mwisho, nani ataiangalia? Chukueni na ile ya Wamarekani, The First 48, iliyoanza 2004. Msingi wake ni kwamba wasipopata fununu ndani ya saa 48 nafasi ya kutatua mauaji inapungua kwa nusu. Ukiiangalia utadhani Marekani hakuna muuaji anayepona. Ukweli ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 zaidi ya asilimia 90 ya mauaji yao yalikuwa yanapata mtuhumiwa, na kufikia 2022 ilikuwa karibu nusu tu. Kamera zimeongezeka, vinasaba vimeingia, simu zipo mikononi mwa kila mtu, na kiwango kimeshuka. FundiKamera hilo unalielezaje?

#8 FundiKamera

Silielezi. Mimi nafunga kamera, takwimu muulize mhadhiri wako.

#9 BibiZabibu

Wanangu hamjambo. Mimi naangalia hizi na wajukuu, wananisomea maandishi ya chini. Kinachonishangaza ni yule kijana anayejibu "sina la kusema" kila swali. Jina lako nani? Sina la kusema. Hii damu kwenye kiatu ni ya nani? Sina la kusema. Na wakili kakaa pembeni ananyamaza naye. Kwetu mtu akinyamaza hivyo mbele ya wazee, wazee wameshapata jibu.

#10 JohoJeusi

Shikamoo Bibi.

Wakili ndiye aliyemwambia anyamaze, na wakili huyo halipwi na mtuhumiwa. Kituoni kwao ushauri wa sheria ni bure kwa kila aliyekamatwa. Ila hoja yako ya wazee hata Waingereza waliipokea kwa namna yao. Tangu sheria yao ya 1994, onyo linamwambia kwamba halazimiki kusema, lakini kama atakuja kutegemea jambo mahakamani ambalo hakulitaja alipohojiwa, linaweza kumharibia utetezi. Ndiyo maana mwishoni wanafungwa vilevile.

Huku mshukiwa naye anaonywa, ana haki ya kukaa kimya, na ana haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa mahojiano. Sheria ya msaada wa kisheria tunayo pia, ya 2017. Shida ni kwamba wengi hawajui kama rafiki anaruhusiwa, na rafiki mwenyewe akisikia neno kituo anazima simu.

#11 ShemejiWaKondoa

Hapo kwenye rafiki kuzima simu umenisema hadharani wakili.

#12 AfandeMstaafu

Nimesoma kimyakimya, sasa niseme. Nimefanya upelelezi mpaka nikastaafu, mikoa ya kanda ya kati yote nimeipitia.

Mnaona mpelelezi wa Kiingereza na kesi moja, timu nzima, magari matatu. Mimi mezani majalada yalikuwa yanapangwa mpaka mtu akija hanioni, anasalimia makaratasi. Jalada la mauaji linasubiri ripoti ya daktari, linasubiri majibu ya Mkemia Mkuu, linakwenda kwa mwanasheria wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, linarudi na maelekezo: kamtafute shahidi fulani. Shahidi kahamia machimboni, simu haipatikani.

Lakini hayo yote yanavumilika. Kinachoua kesi zetu ni eneo la tukio. Angalieni wale Waingereza, jambo la kwanza ni utepe. Hata ofisa mkubwa hapiti bila kuvaa lile vazi jeupe na kufunika viatu. Kwetu nikifika, kijiji kizima kimeshasimama pale. Watoto wameokota maganda ya risasi. Kina mama wameshamfunika marehemu kwa khanga zao. Panga limeshahamishwa na mtu mwema ili "watoto wasijikate". Alama za viatu zipo za kila mtu isipokuwa za muuaji. Hapo niambieni hiyo saa 24 naianzia wapi.

#13 BibiZabibu

Afande, kwa heshima zote. Ulitaka tumwache mtoto wa mtu wazi juani, nzi wanamtambaa, tunasubiri gari lenu litoke mjini? Nyumbani kwangu ni mbali na lami. Mkiitwa alfajiri mnafika jua la utosi. Marehemu anasitiriwa kwanza. Hiyo hata Mungu ameagiza. Khanga niliyofunika mimi sikuidai.

#14 AfandeMstaafu

Mama yangu, sikubishii kumsitiri. Nasema mmoja angemsitiri, wengine wakae mbali, na mwenyekiti wa kitongoji azuie watu. Khanga nayo inaacha nyuzi zake na inabeba za mwenzake. Nimewahi kusimama kizimbani wakili ananiuliza nyuzi nyekundu kwenye jeraha zimetoka wapi, nasema ni za khanga, ananiuliza khanga iko wapi. Imefuliwa.

#15 BibiZabibu

Ilikuwa imejaa damu, ulitaka nikae nayo?

#16 Karanga_Mbichi

Hapa sisogei. Afande na Bibi endeleeni.

#17 SistaWaZamu

Namuunga mkono Afande na Bibi kwa pamoja, msinishangae. Mimi ni nesi.

Majeruhi anakuja, au binti aliyefanyiwa ukatili. Mara nyingi keshaogeshwa na shangazi. Nguo zimefuliwa, zinaning'inia kwenye kamba. Hawakufanya kwa ubaya, walikuwa wanamrudishia utu wake. Halafu anakuja hana PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Wanaume wa familia wanabishana kama waende polisi kwanza au hospitali kwanza. Jamani akiwa na hali mbaya mleteni hospitali, fomu itafuata.

Daktari anajaza ile fomu foleni imefika getini, anaandika "jeraha kichwani" basi. Miezi ikipita anaitwa mahakamani aeleze jeraha lilikuwa refu kiasi gani. Atalikumbukaje? Kwenye ile dokumentari nilimwangalia sana daktari wao: kapima, kachora, kapiga picha na rula pembeni. Rula tu! Hiyo siyo teknolojia ya kuagizwa nje.

#18 JohoJeusi

Sista, niongezee hapo. Hata ikijazwa vizuri, ikishapokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa ajue kilichoandikwa. Isiposomwa, ikifika Mahakama ya Rufani inafutwa kwenye kumbukumbu. PF3, maelezo ya onyo, hati ya kukamata mali, zote zimekufa hivyo. Kosa la dakika tano.

#19 MpendaHaki

Mnavyowasifia hao Waingereza mpaka nimecheka. Hao mnaowaona wana adabu na vikombe vya chai ndio waliowafunga watu sita kwa mabomu ya Birmingham mwaka 1975, wakakaa ndani miaka 16, wakaachiwa 1991 ikionekana hawana hatia. Na wale wanne wa Guildford, 1975 mpaka 1989. Kote huko kulikuwa na maelezo ya kukiri, na kipigo kilisemwa tangu mwanzo, majaji wakakataa kusikia. Kurekodi mahojiano hakukuja kwa sababu wana roho nzuri. Walifedheheka ndipo wakabadilika.

#20 MtazamajiUDOM

Umesema kweli #19. Na Wamarekani bado sheria inamruhusu mpelelezi kumdanganya mtuhumiwa, kwamba tumepata alama zako, mwenzako kakutaja. Uingereza hilo halikubaliki, walihamia mfumo wa mahojiano wa kumwacha mtu aeleze kwanza, halafu wanarudi kumwonyesha palipopishana. Ndiyo maana ukiangalia moja baada ya nyingine unaona ya Marekani ina makelele na ya Uingereza inachosha mpaka dakika ya mwisho.

Na kamera yenyewe ina hatari yake. Mei 2010 huko Detroit polisi walivamia nyumba usiku, watengenezaji wa The First 48 wakiwa nao wanarekodi. Mtoto wa miaka saba aliyelala kwenye kochi akapigwa risasi akafa. Walikuwa wanamtafuta mtuhumiwa wa mauaji. Watu wakauliza kama ule uvamizi ungefanywa vile kamera zisingekuwepo. Mpaka leo wanabishana.

#21 DadaAreaC

Hiyo ya #20 imeniharibia usiku. Ndiyo maana mimi sipendi hizi dokumentari. Mama wa marehemu analia sebuleni kwake, sisi tumekaa na bisi. Aliulizwa? Na akisema hapana, wanamfuta kweli?

#22 KibandaUmiza

Mimi nina ukumbi wa kuonyesha huku Chang'ombe. Nilijaribu kuweka ile ya Kiingereza siku ya mapumziko ya ligi. Wateja wakaanza kudai hela yao. "Kaka hawapigani?" Nikawaambia subirini, anahojiwa. "Anahojiwa mpaka saa ngapi?" Ikabidi niwawekee picha la Kihindi lililotafsiriwa. Ile dokumentari ingepata mtu wa kuitafsiri kwa mbwembwe kama yale mapicha mengine, ingejaza. Hebu fikiria mtafsiri anavyomwongezea maneno yule anayesema sina la kusema.

#23 ShemejiWaKondoa

"Mpelelezi anamwambia, wewe kijana, mama yako anauza vitumbua Luton nzima inamjua, sema ukweli!"

#24 KibandaUmiza

Hahaha, njoo uchukue kazi.

#25 MfugajiBahi

Habari za humu. Nimechelewa, mtandao wa huku ni wa kusimama juu ya kichuguu.

Mnaongelea vinasaba na minara. Sisi tuliibiwa ng'ombe usiku, Bahi. Asubuhi baba mdogo, mzee asiyejua kusoma, akaenda kwenye zizi peke yake, akatuambia tukae mbali (Afande angempenda). Akachuchumaa pale kwenye kutokea. Kati ya walioibwa kulikuwa na jike lenye kwato ya nyuma kushoto iliyopasuka, ukucha wa nje mfupi kuliko wa ndani, na anauburuta kidogo. Mzee akapima kwa kidole chake, akapima na hatua kwa fimbo, akaikata fimbo alama. Tukaanza kufuata, kuelekea upande wa Manyoni.

Kwenye mbuga alama zilikuwa wazi. Tulipofika ardhi ngumu zikapotea. Vijana tukakata tamaa. Mzee akasema ng'ombe hawajanywa, akatupeleka moja kwa moja kwenye lambo, na pale ukingoni kwenye tope akaikuta kwato yake. Mavi akayavunja kwa kijiti, akasema wamepita jana jioni, wanaendeshwa haraka, hawakuachwa wale. Tuliwakuta kwenye boma la mtu, wamepigwa chapa mpya juu ya chapa yetu, kidonda bado kibichi. Polisi wakaja, wakamkamata.

Mahakamani wakili wa utetezi akamuuliza mzee: una cheti gani cha utaalamu wa kwato? Mzee akajibu: hata mwizi hakuniuliza cheti. Watu wakacheka, Mheshimiwa naye akainamia karatasi.

Lakini tulishindwa. Ng'ombe tulirudishiwa mapema kwa sababu kituoni hapakuwa na malisho, na hakuna aliyepiga picha, wala amri ya mahakama haikuombwa. Siku ya kesi kielelezo kikawa ni maneno. Jamaa akatoka.

#26 JohoJeusi

Pole sana mkuu. Hii ndiyo post bora ya uzi huu.

Hapo mliangushwa na utunzaji wa vielelezo. Hukumu inayotajwa kila siku kwenye jambo hilo ilitolewa hapahapa kwetu, Mahakama ya Rufani ilipokaa Dodoma, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007. Inataka kumbukumbu ya maandishi ya kila mkono uliopokea kielelezo, tangu kinakamatwa mpaka kinafika mahakamani. Baadaye, kwenye kesi ya meno ya tembo mwaka 2018, mahakama ililegeza kidogo kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa njiani. Ng'ombe mwenye chapa mbili na kwato iliyopasuka ningemtetea kwa hoja hiyo. Na kuna kanuni ya kukutwa na mali muda mfupi baada ya kuibwa, mtu anatakiwa atoe maelezo yanayoingia akilini. Mlikata rufaa?

#27 MfugajiBahi

Rufaa gani wakili, tulikuwa tumeshauza mbuzi kwa nauli za mashahidi.

#28 AfandeMstaafu

Malisho ya kielelezo hai ni tatizo la kweli. Hakuna chuo kinachofundisha ng'ombe wa ushahidi anakula nini. Kituo kimoja nilichofanya kazi, askari wa zamu alikuwa anachunga.

#29 MpendaHaki

Afande umeongelea malisho, ongea na mafuta basi. Nilipoibiwa pikipiki niliambiwa mtuhumiwa anajulikana alipo, ila gari halina mafuta. Nikaweka mimi. Nikaambiwa na vocha. Nikaweka. Sitaji kituo. Waingereza kwenye dokumentari sijaona mlalamikaji anajaza tangi.

#30 AfandeMstaafu

Sitalitetea hilo. Lipo, na si sahihi. Ila uliza pia bajeti ya wilaya kubwa yenye gari moja bovu inatosha kwenda wapi.

#31 KijanaWaNzuguni

Kwa hiyo mpaka sasa tuna kamera, uhariri, khanga ya Bibi, rula, mafuta, na ng'ombe wasio na picha. Nimshike nani?

#32 MkaziWaIsanga

Ongeza na la kwetu. Sisi tunaokaa jirani na hospitali ya akili ya Mirembe tunaona magari ya magereza yanaleta watu kutoka mikoani. Mshtakiwa akionekana huenda hakuwa na akili timamu siku ya tukio, mahakama inaagiza aje Isanga, kituo cha wagonjwa wa akili wenye kesi, achunguzwe, na sheria inawapa madaktari siku 42 za kuandaa ripoti. Mpaka usafiri upatikane na nafasi ipatikane, kesi imesimama. Kila mtu anasema polisi wazembe, kumbe faili linamsubiri daktari wa akili Dodoma.

#33 DadaAreaC

Hata hilo la Isanga lina maana yake lakini. Afadhali achunguzwe kuliko mgonjwa kuhukumiwa kunyongwa.

#34 JohoJeusi

Na mleta mada, kuna jambo limebadilika. Marekebisho ya 2022 yanazuia kesi kupelekwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa makosa mazito kama yale yanayosikilizwa Mahakama Kuu. Kesi yako ya duka kama ingefunguliwa leo, wimbo wa "haujakamilika" usingeimbwa pale.

#35 AfandeMstaafu

Utaimbwa kituoni. Mtu yuko nje kwa dhamana ya polisi, anaripoti kila Jumatatu, anasaini, anaondoka. Mlalamikaji anamwona sokoni Majengo ananunua nyanya, anapiga simu kwangu analia kwamba nimehongwa.

#36 MtazamajiUDOM

Hata Uingereza wanalo hilohilo! Tangu 2017 wanawaachia watu wengi huku upelelezi unaendelea, wengine wanakaa hivyo muda mrefu hawajui hatima yao. Angalieni vipande vingi vya dokumentari, saa zinaisha na jamaa anapewa mkanda wake na kamba za viatu anaondoka zake. Watu mnakumbuka vile alivyofungwa tu.

#37 MpendaHaki

Tofauti ni kwamba yule akitoka hakuna anayemsubiri nje na tairi. Huku kituo kikimwachia mtu kwa dhamana, mtaa unaweza kumhukumu jioni hiyohiyo. Mimi nafikiri raia hatuamini upelelezi, ndiyo maana hatutoi ushahidi, na kwa kuwa hatutoi ushahidi upelelezi haufiki popote.

#38 ShemejiWaKondoa

#37 umefunga mduara, sasa tutokee wapi?

Mimi hizi dokumentari zimenivunjia ndoa nusu. Mama watoto ameziangalia mpaka amekuwa mpelelezi. Nikirudi haulizi tena "umetoka wapi". Anakaa mezani, ananisogezea maji, ananiacha nieleze mwenyewe kwanza. Nikimaliza anarudi nyuma: ulisema ulikuwa Sabasaba saa mbili, na Yanga walifunga saa ngapi? Ule mfumo wa Waingereza alioutaja #20 ni hatari sana majumbani.

#39 SistaWaZamu

Jibu "sina la kusema" shemeji.

#40 ShemejiWaKondoa

Nilijibu. Nimelala sebuleni.

#41 BibiZabibu

Afande, nimefikiria. Tukimfunika marehemu kwa turubai safi badala ya khanga, na khanga zikabaki kiunoni, hapo utaridhika? Maana turubai la kuanikia tunalo.

#42 AfandeMstaafu

Turubai mliloanikia uwele lina vumbi la uwele, mama. Lakini afadhali, na lisifuliwe. Mkilitoa mnikabidhi na mniandikie nani alilileta.

#43 BibiZabibu

Na mtalirudisha?

#44 JohoJeusi

Bibi, hilo hata mimi siwezi kukuahidi.

#45 MgeniJukwaani

Nimesoma uzi wote kuanzia mwanzo. MfugajiBahi, wale ng'ombe wako vipi sasa?

#46 MfugajiBahi

Yule wa kwato kazaa, ndama dume. Wawili tuliwauza mnada wa Msalato. Na yule jamaa tulikutana naye huohuo mnada, akanisalimia vizuri tu, akaniuliza bei.

#47 Karanga_Mbichi

Ukamwambia ngapi?

#48 MfugajiBahi

Sina la kusema.